Direkta Aliyetuuliza Maoni Yetu

Enzi zetu, sisi tuliosoma Mabanga wakati uwanja wa shule ulikuwa bado mawe meusi ya volkano, mtoto hakuulizwa kitu. Ukianguka ukiruka kamba, goti likachanika, ulipangusa damu kwa jani na kuingia klasi. Saa ya mapumziko tulikula mihogo ya kuchoma, midomo ikibaki nyeusi kwa masizi. Direkta wetu, Muzee Paluku, akisimama mlangoni tu, kelele zilikwisha zenyewe.

Muzee Paluku aliamua yote peke yake: wimbo wa asubuhi, rangi ya soksi, nani akae na nani. Hata walimu walifunga vifungo vya shati wakimwona anakuja. Tulimwogopa, ila hakutuchanganya. Akisema Jumatatu mtafagia, Jumatatu tulifagia.

Tulipofika mwaka wa tano alistaafu, akaja Direkta Bahati kutoka upande wa Bukavu. Siku ya kwanza aliketi juu ya jiwe katikati yetu, na suruali yake safi ile, akauliza, "Mungependa nini kibadilike hapa masomo?" Tulitazamana. Rafiki yangu Kavira akaninong'oneza, "Huyu anatafuta majina."

Jioni nilimweleza mama, aliyekuwa akiuza sambaza sokoni. Hakuinua macho kwenye samaki zake. "Mukubwa akikuuliza unawaza nini," alisema, "ujue kwanza yeye anawaza nini."

Wiki iliyofuata direkta alitugawia vikaratasi. Tuandike kinachotusumbua, bila jina. Kilichotusumbua kilijulikana na klasi nzima: kila siku saa ya hesabu, mwalimu wetu aliwatoa wasichana wanne wakachote maji robine, bomba la mtaa, na kuyapeleka nyumbani kwake. Mimi na Kavira tulikuwamo, na mpaka leo hesabu za sehemu zinanishinda. Hata hivyo niliandika kwamba shule ni nzuri sana. Wote tuliandika hivyo, isipokuwa Kavira.

Siku mbili baadaye aliitwa ofisini. Alipotoka tulimzunguka.

"Ameniuliza kama ni kweli," alisema.

"Alijuaje ni wewe?"

"Anasema anajua mwandiko wangu."

Hatukuhitaji kusikia zaidi. Tangu siku ile, Direkta Bahati akitusalimu, tuliitikia tukitazama viatu vyake.

Ubaya ni kwamba hakuna kilichobadilika. Aliita mkutano wa walimu, halafu mkutano mwingine, halafu wa wazazi. Maji bado tulibeba. Mwalimu naye alishanusa ni nani aliyesema, akamwongezea Kavira bido la pili la maji. Nilimwona akitembea juu ya yale mawe, mikono yote miwili ikivutwa chini, nikaona haya kwa kile nilichoandika.

"Muzee Paluku angemaliza hii kwa asubuhi moja," nilimwambia.

Kavira aliweka mabido chini, akapumua. "Na nani angemuambia Muzee Paluku?"

Akayainua tena, tukaendelea.

Alhamisi moja tulikuwa robine, Direkta Bahati akatokea. Alichukua mabido yote mawili ya Kavira, akatangulia. Tulimfuata, suruali yake ikilowa, vijana wa chukudu wakimpisha na baiskeli zao za mbao, wamama wakisimama kumtazama. Mke wa mwalimu ndiye aliyefungua mlango.

"Mama, haya ni maji ya bwana yako," direkta alisema kwa upole. "Kesho nitaleta tena mimi, kwa sababu hawa watoto wana hesabu."

Kesho yake hatukutumwa, wala siku nyingine yoyote.

Ungedhani tulianza kumpenda. Sisi tulisema amefanya vile aonekane, maana alipita barabara kubwa na njia ya mkato aliijua. Nimekuwa mtu mzima, na ile barabara kubwa bado sijaielewa.

Sasa binti yangu Ester anasoma kwenye uwanja wa sementi. Direkta wao anawapigisha kura. Muhula uliopita walichagua parade ya asubuhi isogezwe mbele, kwa kuwa simu zinawachelewesha kulala, maskini. Ester anaweza kumwambia direkta uso kwa uso kwamba adhabu fulani si ya haki, kisha anarudi kula sombe yake bila wasiwasi. Mimi ndiye ninayemhoji: Alicheka? Aliandika mahali? Mlango ulikuwa wazi?

"Mama, unamuwazia mutu vibaya," ananiambia.

Pengine. Sisi tulikua tukimsoma mkubwa usoni kabla ya kumpa habari ya asubuhi, na somo hilo tulilishika vizuri kuliko hesabu. Namwonea Ester wivu, na ninamwogopea. Direkta wake ametualika wazazi tumweleze, mmoja mmoja, tunavyoiona shule. Mara tatu nimevaa kitenge changu kizuri, nikafika hadi kwenye geti, nikarudi nyumbani.