Kutoka Kigoma Kwenda Johannesburg Kutafuta Kibali cha Sailensa

Sikupanga kwenda Afrika Kusini uzeeni. Nilikwenda kwa sababu mdogo wangu Yohana alianza kujibu maswali ambayo sikumuuliza. Ningemuuliza kwenye simu habari za mvua, angenijibu kwamba nyama imepanda bei. Nikasingizia mtandao, mpaka siku moja mkewe, Furaha, Mkongo wa Uvira anayesuka nywele hukohuko Johannesburg, alipompokonya simu na kuniambia ukweli: "Wifi, sikio ya bwana yangu inakufa. Kuja umuambie weye, mimi hanisikii."

Kazi ya Yohana ni kupunguza swala kwa bunduki katika shamba la wanyamapori kaskazini mwa Pretoria, maana wakizidi humaliza nyasi na kufa njaa wote. Bunduki ni yake na leseni anayo. Ni raia wa kule siku nyingi. Vifunika masikio pia anavyo, lakini porini huvivua ili asikie majani yanavyovunjika. Siku za mapumziko ni mwalimu wa kwaya katika kanisa la Wakongo pale Berea, mtaa wa Johannesburg anakoishi, na hiyo ndiyo kazi anayoipenda. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: sikio la kushoto limeumia, la kulia liko njiani, na mlio ule usipopunguzwa, kwaya ataiona kwa macho tu. Dawa ilikuwa kufunga kizuia mlio kwenye mtutu, kile ambacho kila mtu anakiita sailensa. Yohana aliogopa. Katika sinema sailensa ni ya wauaji, na yeye, ingawa ni raia, jina lake bado ni la mgeni. Ni lazima kiwe na kibali, alisema, na kibali chenyewe hajui kinatolewa wapi.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini. Penye kibali ndipo kwetu. Nikafungasha.

Kutoka Kigoma nilipanda basi hadi Mbeya, nikavuka Tunduma, nikalala Lusaka, nikapita Harare. Miguu ilivimba hata viatu vikanikataa. Pale Beitbridge, mpakani, afisa aliniuliza nimekuja kufanya nini, na mimi niliyezoea kiapo nikafungua kinywa kusema kweli yote. Mama wa Kizimbabwe niliyekaa naye tangu Harare, niliyekuwa nimemsimulia kila kitu, alinifinya paja. Nikajibu kwamba nakuja kumwona mdogo wangu. Akagonga muhuri.

Jumanne asubuhi nilifika. Yohana alinipokea stendi, amenenepa kidogo, akanikumbatia huku akiniuliza kwa sauti ya mnadani kama nimekula. Watu waligeuka. Berea wanakaa ghorofa ya saba na lifti haifanyi kazi, basi nilipumzika kila ghorofa na kusalimiana na wapangaji: Warundi ghorofa ya pili, fundi cherehani wa Bukavu ghorofa ya tano. Furaha alikuwa amepika sombe, kisamvu cha Kikongo, na samaki. Nilikula mpaka nikasahau miguu.

Jumatano tuliandaa jalada. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kesi bila jalada ndiyo kabisa. Niliandika maombi, nikaandika kiapo, nikamtuma Yohana apige picha sita za pasipoti, nikachukua barua ya daktari, barua ya mwenye shamba na barua ya mchungaji inayothibitisha kwamba mwombaji ni mpole. Tulikwenda kutoa nakala Jeppestown. Mwenye mashine alisoma karatasi zetu bila kuombwa, kisha akatuambia kwa upole kwamba tunajisumbua, kibali cha sailensa anacho tayari, ni kujaza jina tu. Akatoa karatasi yenye nembo, sahihi na muhuri mwekundu.

Niliona uso wa Yohana ukifunguka. Alikwishatia mkono mfukoni. Nikamwomba yule bwana niione, nikalowesha kidole ulimini, nikasugua muhuri. Haukutia hata doa. Muhuri wa kweli ni wino, na wino ukikutana na mate huacha ushahidi. Ule ulichapwa pamoja na maandishi. Nikamrudishia, nikamshika Yohana mkono kama alipokuwa darasa la kwanza. Njiani alininunia. Nilimwambia kwa mwandiko, maana kelele za barabarani zilikuwa nyingi: *Ukikamatwa na hii, leseni ya bunduki inakwenda, na kazi inakwenda.* Akausoma pale kwenye robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani, zikabadilika mara mbili hatujavuka.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa wa kwanza mlangoni pa kituo cha polisi, kwa sababu sisi watu wa kwetu tunaamini ofisi isiyopangiwa foleni alfajiri haina kitu cha maana. Dawati la silaha lilifunguliwa saa mbili. Sajini, mama mnene mwenye miwani kifuani, alifungua jalada langu, akasoma ukurasa baada ya ukurasa. Nilisimama wima kwa fahari. Alipofika kwenye barua ya mchungaji, alivaa miwani, akairudia.

"Eish, Mama," aliniambia kwa Kiingereza cha taratibu. "Nani amewaambia kwamba kuna kibali cha sailensa?"

Nikamwambia lazima kiwepo.

"Hakipo. Tunachodhibiti ni bunduki na mtu anayeishika. Ana cheti cha umahiri, ana leseni, basi. Hicho kitu ananunua dukani."

Mwenzangu, sikuamini. Nilimwomba aulize bosi wake. Akaenda, akarudi na bosi, naye akaniambia yaleyale, akasoma barua ya mchungaji na kuomba nakala. Kumbe yule wa Jeppestown alikuwa akiuza muhuri wa uongo wa kibali kisichokuwepo, na mimi niliyemkamata nilikuwa nimepanda mabasi siku tano kutafuta kilekile kisichokuwepo. Nilicheka hadi nikaomba kiti. Sajini naye alicheka, kisha akaigeuza leseni ya Yohana na kutuonya jambo la maana: maombi ya kuihuisha yaingie siku tisini kabla haijaisha, na siku hizo zilikuwa karibu. Akatupa fomu. Angalau jalada langu lilipata karatasi moja ya haki.

Ijumaa Yohana aliitoa bunduki kwenye sefu, tupu, ndani ya mfuko wake, akaifungia kwenye buti la gari la rafiki, tukaenda Midrand kwa fundi bunduki aliyesajiliwa. Ni mzee Mzungu wa Kiafrikana mwenye mikono ya fundi baiskeli, na redio yake ilipiga kwaya tupu. Alitaka leseni na kitambulisho, akavilinganisha na namba iliyo kwenye chuma, akaandika kila kitu katika rejista kubwa. Niliichungulia. Mistari imenyooka, hakuna kilichofutwa. Nilimsifu, akaniuliza nilifanya kazi gani, na tangu hapo tukawa marafiki. Alituambia mdomo wa mtutu lazima uchongwe nyuzi za kukazia sailensa na yeye mwenyewe, si fundi wa mtaani, kwa sababu ukipinda kidogo tu risasi hugusa sailensa. Pia alimwambia Yohana, akimtazama usoni ili amsome midomo, kwamba sailensa haiui mlio, inaupunguza. Vifunika masikio vibaki.

Baada ya wiki moja tuliichukua, na Jumatatu nikaruhusiwa kwenda shambani, nikae nyuma ya gari na kutulia. Yohana alilenga ubao kwanza. Nilijiziba masikio na kufumba macho. Nikasikia kishindo kama cha mtu aliyeangusha kamusi mezani, basi. Yohana alivua vifunika masikio, akavuta komeo la bunduki, ganda la risasi likaruka. Akabaki ameinama.

"Nini?" nikamuuliza.

"Ganda limegonga jiwe," akasema. "Dada, nimelisikia."

Tulilia, sitaficha. Mwenye shamba alidhani mtu ameumia, akaja mbio.

Nilirudi kwa njia ileile, miguu ikavimba vilevile. Kuuliza si ujinga; nimelisema neno hilo kwa wateja maisha yangu yote, na sikuwahi kulitumia. Sasa ninalitumia. Mtu akija kwangu kuniandikisha barua, kabla sijashika kalamu namtuma kwanza akaulize kama barua inatakiwa. Sikio la kushoto halitarudi kama zamani, daktari hakutudanganya, lakini la kulia limesimama palepale lilipokuwa.

Juzi Yohana alinipigia katikati ya mazoezi, kwaya inaimba nyuma yake. Nilianza kumpa habari za nyumbani, akanikatiza.

"Subiri, Dada. Kuna mtu sauti ya pili ameshuka."

Nikamsikia akiwasimamisha, akimwimbia mtu yule pole pole, mara moja, mara ya pili, mpaka akapanda. Salio langu lilikuwa linaisha. Nikasubiri.