Mbu Kwenye Kipara cha Mkwe

Leo nimekamatwa nikichungulia kipara cha mkwe wangu katikati ya maombi.

Wakwe walitoka Werugha kuja hapa Voi kuona nyumba atakakoolewa binti yao na kijana wangu. Mzee akaombea chakula, wote wakafumba macho.

Mimi nikaona mbu ametua kwenye kipara chake.

Nimpige? Mkwe hapigwi kofi!

Nikasogea nitazame. Miaka yote niliyofundisha baiolojia sikuwahi kuliona kwa karibu hivyo lile tone la maji mbu analotoa nyuma akinyonya damu.

"Amina."

Mzee akafumbua macho. Pua yangu ilikuwa vidole vinne tu kutoka usoni pake.

"Mwalimu, kuna nini?"

Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Mwakio, tafadhali usianze."

Nikaanza.

Mbu akishiba damu anakuwa mzito, kuruka ni shida. Basi mwili wake unatoa homoni. Homoni inabisha hodi kwenye seli za vijifereji vinavyomfanyia kazi ya figo. Seli zikipata ujumbe zinapitisha chumvi, na maji yanafuata chumvi. Anayatoa papo hapo, huku bado anakunywa.

"Yaani amenifyonza, halafu akanikojolea?"

"Ndiyo, mzee."

Kijana wangu akafunika uso kwa mikono.

Mzee akapangusa kipara, akacheka mpaka akatoa machozi.

"Basi damu yangu imeshabaki nyumba hii. Sasa binti tutamzuiaje?"

Haya, na nyinyi mliaibika vipi mbele ya wakwe? Semeni, nisiwe peke yangu.