Mkate wa Ilyos

Watu wa mji wetu wa Kosonsoy wakimtaja marehemu Holmat mwoka mikate, wengi huanza na ile baridi ya siku tisa bila umeme. Alifungua chumba chake cha matanuri akawaingiza wazee wa mtaa na watoto wachanga, wakalala kwenye magunia ya unga kama mabwana harusi. Wengine husimulia habari za mfereji. Kila machipuko, siku ya kuuzoa matope, mtu mwenye matanuri matatu, gari la mikate na wafanyakazi kumi na mmoja ndiye aliyefika wa kwanza, koleo begani, suruali imekunjwa. Wanawake nao husimulia arobaini zao. Mwanamke akijifungua mtaani, awe mtoto wa kwanza au wa saba, kila alfajiri alikuta mikate miwili ya moto langoni, imefungwa kitambaa, mpaka siku arobaini zitimie.

Mavjuda, mkaza mwana wake, huwamiminia wageni chai na kuwasikiliza. Yeye ana habari yake, nayo inaanza na ndama.

Mwaka huo alikuwa na miezi kumi na minne katika nyumba ile, na mtoto wa kike wa miezi mitatu asiyejua kulala. Barazani, ukuta uliopakana na matanuri ulikuwa mkavu na wa joto wakati wote, na juu yake ilitundikwa mikate saba kwenye misumari saba. Kila mmoja ulikuwa umeng'atwa mara moja. Kijana anayekwenda kutafuta kazi Urusi hung'ata mkate asubuhi ya safari, na uliobaki hutundikwa umngoje, aje aumalize mwenyewe. Zamani kila mama alitunza wa mwanawe. Panya wakawasumbua, na ukungu nao, mpaka mama mmoja akamwomba Holmat amwekee wake kwenye ukuta wa joto. Wa pili akafuata, wa tatu akafuata, na baraza ya mwoka mikate ikawa ndiyo inayojua nani yuko mbali. Chini ya kila msumari Holmat alibandika karatasi yenye jina na tarehe, kwa mwandiko wake mkubwa wa mtu aliyeacha shule mapema.

Mkate wa mwisho upande wa kulia ulikuwa wa Ilyos, mtoto wa pekee wa mjane Sharofat wa nyumba ya tatu. Ilyos alikuwa hajapiga simu kwa miezi mitano. Kila Ijumaa Sharofat alikuja na zabibu kavu kiganjani, akampa Mavjuda, akasimama chini ya msumari ule, midomo ikicheza, kisha akaenda zake. Hakuugusa mkate hata siku moja.

Jumatano kabla ya Navruz, sikukuu ya mwaka mpya wa machipuko, Mavjuda aliishusha mikate ili aupake ukuta chokaa. Akaipanga kwenye kitanda kikubwa cha uani, akapaka, akangoja ukauke, akaanza kuitundika tena. Alipomaliza wa sita mtoto akalia. Akaenda kumnyonyesha, na kwa uchovu aliokuwa nao akasinzia ameketi. Alipotoka, ndama wa kahawia alikuwa amekata kamba, amesimama kando ya kitanda, anatafuna taratibu kama asiye na miadi popote. Mdomoni mwake palibaki ukingo wa upana wa vidole viwili. Nao akaumeza.

Mavjuda alisimama pale, maziwa yakimlowesha nguo kifuani, akiifikiria Ijumaa. Kugombezwa hakukumtisha. Mama mkwe wake, Tojihon, alikuwa na ulimi mkali, lakini hasira yake haikukaa mpaka chai ikapoa. Kilichomtisha ni uso wa Sharofat chini ya msumari mtupu. Hakuna mtu mzima pale mtaani ambaye angesema kwamba mkate ukipotea na mwenyewe amepotea. Ila hakuna mama aliyethubutu kuuacha upotee.

Nyumba ya mwoka mikate haikosi mkate. Alichukua mmoja wa jana yake, akaung'ata, akaukausha juu ya mdomo wa tanuri mpaka jioni, akautundika. Kwa mbali ungesema ndio wenyewe.

Alhamisi asubuhi Holmat alisimama barazani na bakuli la chai, akikagua chokaa. Alikuwa mfupi, mpana, na nyusi zake ziliungua miaka mingi nyuma zisiote vizuri tena. Aliitazama mikate mmoja mmoja kama alivyowatazama wajukuu wakati wa kula, kuona nani hajapata. Kwenye wa saba macho yakakaa.

"Mavjuda, mwanangu. Hebu njoo."

Akaja na mtoto begani.

"Huyu Ilyos, unaukumbuka mdomo wake?"

"Naukumbuka, baba."

"Mdomo ule unameza boga. Wewe umeng'ata kama sungura." Akanywa funda moja. "Halafu muhuri wa katikati ya mkate. Alipoondoka nilikuwa napiga ule muhuri wa duara mbili, uliovunjika kipini wakati wa baridi. Huu una maua. Mikate yangu naijua hata nikifumba macho."

Mavjuda akamweleza yote, kuanzia chokaa hadi ndama. Hakulia mpaka alipofika pale pa kusinzia.

"Mtoto alilala saa ngapi juzi?" Holmat akauliza.

"Hakulala."

"Mama Oybek," akamwita mkewe aliyekuwa jikoni, "leo wewe ndiye wa kumbeba huyu bibi mdogo. Mama yake anatoka na mimi."

"Mnatoka kwenda wapi? Nina mafuta motoni."

"Kwa Sharofat."

Jikoni mafuta yakaepuliwa. Tojihon alikuwa ameshauona muhuri wa maua tangu jana. Aliyakiri hayo baadaye sana.

Njiani Mavjuda alijaribu. "Baba, tungemwacha tu. Angeuona upo, roho yake ingetulia."

"Ingetulia. Na mimi kila Ijumaa ningekuwa nampa mkate wa uongo." Alitembea hatua chache akilivuta lile goti lake bovu. "Na ule uliong'ata wewe, utaumaliza wewe, na chai. Hautupwi."

Sharofat alikuwa amekaa uani akipasua kokwa za aprikoti kwa nyundo ndogo. Holmat hakukubali kukaa.

"Mama Ilyos, mkate wa mwanao umepotea kwangu. Umeliwa na ndama. Ndama ni wangu na nyumba ni yangu."

"Shangazi, ni mimi niliye..." Mavjuda akaanza.

"Nimesema nyumba ni yangu."

Nyundo ilisimama. Sharofat alizikusanya kokwa zilizobaki, akazirudisha kwenye ungo moja moja.

"Kaka Holmat," akasema, "mimi si mjinga. Mkate ni mkate. Lakini simu haisemi kitu. Miezi mitano sina cha kuangalia ila ule. Sasa kesho nije kuangalia nini?"

Mavjuda alitegemea maneno ya subira, yale ambayo mtaa mzima ulikuwa umeshamwambia mjane mpaka yakachakaa. Holmat hakuyasema. Alikuna mahali palipokuwa na nyusi.

"Basi nitakwenda kumwangalia yeye mwenyewe," akasema.

Tojihon alipoambiwa, alicheka kwanza.

"Wewe? Uliyepotea soko la Namangan ukarudishwa na muuza matikiti?"

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Na magoti mawili. Sasa una moja."

"Basi nitapotea polepole."

"Kirusi chako chote ni neno mkate."

"Hilo linatosha, Mama Oybek."

Tojihon akampiga na kitambaa cha vyombo, kisha akaingia ndani kumtafutia soksi za sufu. Holmat hakuwahi kulala mbali na matanuri yake tangu siku ya harusi. Binti zake wanne walikuja kutoka kwa waume zao kumzuia, akawasikiliza wote, akawapa kila mmoja mikate ya kupeleka nyumbani, na Jumapili akamwachia mwanawe Oybek, mume wa Mavjuda, funguo, akapanda treni ya siku nne.

Hakuwa na anwani, alikuwa na jina la mji tu. Lakini aliijua kazi yake. Alijua kwamba mji mkubwa wowote wa Urusi una watu wa bonde letu wanaooka mikate sokoni. Aliingia kila palipotoka harufu ya tanuri, akasalimu, akanawa mikono, akasaidia kubandika mikate ndani, na mkono ungali kwenye joto ndipo akauliza. Kwenye tanuri la tisa, mwoka mmoja wa Chust, mji wa bonde letu, akamwambia yupo kijana mmoja, amelala mgonjwa chumba kimoja na wanaume saba, ana mdomo kama mlango wa ghala.

Ilyos alianguka kutoka kwenye jengo walilokuwa wakilijenga. Mguu ulivunjika usiunge vizuri, simu ikavunjika. Simu ya kuazima angeipata. Aibu ndiyo iliyomfunga. Mama yake aliuza ng'ombe ili yeye aondoke, na sasa alikuwa hawezi hata kwenda chooni peke yake.

Simu ya matanurini ililia adhuhuri. Oybek na wenzake walikuwa na unga mpaka viwikoni, ikabidi Mavjuda apokee.

"Mwanangu, kimbia kwa Sharofat. Mwambie yupo. Mguu umevunjika, mdomo mzima. Umeshika? Mguu, siyo mdomo."

Alikimbia bila viatu. Sharofat alikuwa akianika nguo. Aliposikia, aliketi palepale chini ya kamba, shuka lililolowa likamfunika nusu, na kutoka ndani ya lile shuka akasema, "Rudia." Mavjuda akarudia. Alirudia mara nne, mguu siyo mdomo, mpaka wote wawili wakawa hawajui wanacheka au wanalia.

Holmat alikaa kule wiki tatu, mguu upate nguvu ya safari. Aliwapikia pilau wanaume wanane kwenye sufuria moja, akawafulia, na jioni aliwasimamia kila mmoja apige simu kwa mama yake. Kina mama waliopigiwa simu siku zile wako mpaka leo, na ndio wanaosimulia.

Waliporudi, kijana akiwa kwenye magongo, mtaa ulijaa mbele ya nyumba ya mjane. Sharofat alimshika mwanawe masikio yote mawili, akamgeuza huku na huku kama anayekagua sufuria sokoni, akamzaba kofi, ndipo akamkumbatia.

Mavjuda alibaki nje ya lango na mtoto wake. Alikuwa amekuja, lakini miguu haikutaka kuvuka.

"Wewe unayejificha huko," Sharofat akaita, mikono ingali shingoni mwa mwanawe. "Ingia umsalimu aliyeliwa na ndama."

"Nani kaliwa?" Ilyos akauliza.

"Kaa chini. Utasimuliwa."

Ua mzima ukacheka. Sharofat akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa Mavjuda, akamweka mapajani pake, na akamwonyesha Mavjuda mahali pa kukaa, karibu yake kabisa, upande ambao hukalishwa mabinti wa nyumba.

Baada ya mabakuli mawili ya chai, Mavjuda aliona kwamba Holmat hayupo. Aliaga, akarudi nyumbani. Alimkuta ameketi kwenye kizingiti cha chumba cha matanuri, amevua viatu, miguu imevimba, amekonda mpaka kofia inamcheza kichwani. Alimletea chai na mkate.

"Wamekula kule?" Holmat akauliza.

"Wanakula, baba."

"Wewe je?"

"Nitakula."

Akaumega mkate katikati akampa nusu, akangoja mpaka Mavjuda aume. Kisha akaugeuza ule wa kwake kuutazama chini.

"Nani ameunguza huu?"

"Oybek."

"Nilijua," Holmat akasema, akaula wote.