Nywele Ambazo Hazikumlilia Babu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, nilikuwa na nywele ambazo mama alizipenda kuliko kihamba kizima, shamba la ukoo wa baba. Zilikuwa nyeusi, nzito, na kila Jumapili kabla ya misa alinikalisha katikati ya magoti yake akazipaka mafuta na kuzichana taratibu. Wanawake wa jumuiya wakimsifia, alijifanya hasikii. Alikuwa anasikia vizuri sana.

Mwaka huo, wiki ile ile niliyotakiwa kupokea Komunyo ya kwanza, babu mzaa baba akafariki. Tulimzika kihambani, kati ya migomba na kahawa, kama wanavyozikwa Wachagga wa kwetu, huku mlimani juu ya Kwa Sadala. Na kwa desturi yetu, matanga hayaanuliwi mpaka watu wa nyumba ya marehemu wamenyolewa. Hunyolewa asubuhi, nyuma ya nyumba, kwa wembe na maji ya sabuni. Nywele zote hukusanywa kwenye jani la mgomba, kisha hufukiwa kando ya kaburi. Humwachii marehemu machozi tu, unamwachia na kitu cha mwili wako.

Niliwaona binamu zangu wakitoka huko mmoja mmoja, vichwa vyeupe kama viazi vilivyomenywa, nikaanza kulia. Watu walidhani namlilia babu. Mimi nilikuwa nalilia picha ya Komunyo. Nilimng'ang'ania mama kanga, nikamwambia kwamba wenzangu wote watapendeza isipokuwa mimi. Mama alinitazama kichwani kwa muda mrefu, akanishika mkono, akanipeleka kwa bibi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda na lile jani mapajani.

"Mlete," bibi alisema.

"Mama, huyu naomba tumwache. Jumapili anapokea Komunyo. Nitamnyoa baadaye."

"Baadaye ipi? Babu yake atazikwa mara ya pili?"

Mama hakuuachia mkono wangu. Nilimwonea fahari siku hiyo, kwa sababu hakuna aliyekuwa akibishana na bibi. Bibi hakupandisha sauti. Alianza kulikunja jani, kisha akasema, "Nywele ambazo hazikumlilia marehemu huwa hazikai. Zitaondoka zenyewe. Na zikianza kuondoka, usije ukaniuliza mimi."

Picha ilipigwa. Ipo mpaka leo sebuleni kwa mama, nami nimependeza kweli, shati jeupe, mshumaa mkononi, nywele zimechanwa upande. Ila tangu siku ile bibi hakumpa mama zaidi ya salamu. Walipika jiko moja, wakachota maji mfereji mmoja, na hawakuwa na neno la kuambiana. Mwishowe mama alivunja kiburi, akamkatia bibi jani la sale, lile jani ambalo Mchagga akiletewa hawezi kukataa kusamehe. Bibi alilipokea kwa mikono miwili.

"Mimi nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Lakini nywele hazikuwa za kwangu."

Bibi naye alipofariki, miaka mingi baadaye, nilinyolewa wa kwanza, na aliyeshika wembe alikuwa mama mwenyewe. Nywele zikaota tena. Hata hivyo hizo zilikuwa za bibi. Za babu zilibaki hivyo hivyo bila kutolewa.

Nilikuwa bado sijafika miaka thelathini, nimepanga mtaa wa Soweto, nauza vipuri vya magari hapo hapo mjini Moshi, nywele zilipoanza kuondoka. Zilianzia pembeni mwa paji la uso, kisha utosini. Wenzangu kazini walinitania kwamba natengeneza uwanja wa ndege. Nilicheka nao, halafu nikaenda kununua kofia.

Kumficha mama haikuwezekana. Nilipanda kijijini kumsalimia, nikavua kofia mlangoni, nikainama nimwamkie. Aliweka kiganja utosini pangu, akakiacha hapo.

"Zimeanza," alisema.

Nilimwambia ni maji ya mjini tu. Akaanza kunitumia mafuta ya nyonyo, akanipigia simu kunifundisha kusaga vitunguu na kupaka maji yake, na nikatii mpaka wateja wakaanza kusimama mbali. Mwisho nikaenda kwa daktari wa ngozi. Alinikagua, akaniuliza baba yangu na babu zangu walikuwaje, akasema ni jambo la kurithi, linawapata wanaume wengi, wengine mapema zaidi. Kuna dawa ya maji ya kupaka asubuhi na jioni. Kuna vidonge, ambavyo kwa wengine hupunguza hamu ya unyumba, kwa hiyo vinataka uangalizi. Na kuna kupandikiza, kwa mwenye uwezo. Alinionya kwamba dawa hulinda zilizopo kuliko kurudisha zilizokwenda, na ukiacha, zinaendelea na safari yake. Nilichagua ya kupaka.

Nilikwenda mbio kumweleza mama, nikiamini nampelekea nafuu.

"Ni ya kurithi, mama. Hata babu mwenyewe alikuwa na upara."

"Babu yako alikuwa mzee. Huyo daktari ni wa wapi?"

"Wa huku huku. Mchagga."

"Basi anajua. Hakutaka tu kukutisha."

Nikamwambia kwamba hata kama ni lile jambo la zamani, mwenye kosa ni mimi niliyelilia picha. Akatikisa kichwa. "Mtoto kazi yake ni kulia. Mimi ndiye niliyetakiwa kukataa." Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua: kwamba mara nyingi usiku huamka, akayawaza maneno ya bibi, na usingizi ukakataa kurudi. Niliumia sana. Mimi nilikuwa nahangaikia kioo, na mwenzangu anakosa usingizi kwa ajili ya kichwa changu.

Basi nikawa napaka dawa kwa ajili yake. Ngozi iliniwasha, mto ukawa na mafuta, na nywele hazikurudi wala hazikuondoka. Kila Jumapili alipiga simu. "Zinashika?" "Zinashika, mama." Ningeshaacha zamani kama si swali hilo.

Siku moja Rama, kinyozi wangu wa mtaa wa Pasua, alisimamisha mashine akanitazama kwenye kioo. "Kaka, hapa unalinda nini? Kichwa kina umbo zuri hiki. Tupige kipara, tumalize kesi."

Nilikubali. Alipomaliza nikajigeuza huku na huku, na nitasema ukweli, nilipendeza. Nilitoka pale nikitembea kifua mbele. Nilimkumbuka mama nikiwa nimeshafika kwangu.

Jumamosi nilipanda. Nilimkuta barazani anamenya ndizi za kupikia mtori. Aliinua macho, kisu kikasimama.

"Umemnyolea babu yako," alisema.

Hakuwa anauliza. Uso wake ulikuwa umefunguka, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nilinyamaza.

"Nywele ziko wapi?"

"Nimeziacha mjini."

"Zilete tukazifukie."

Nilirudi Pasua nikiwa na aibu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Rama alinionyesha gunia lake la taka, akacheka. "Zako? Humu kuna za mtaa mzima." Nilipomwambia ni kwa ajili ya mama, aliacha kucheka, akachota konzi ya juu juu, akaifunga kwenye gazeti, wala hakuuliza zaidi.

Mama aliukunjua ule mzigo mwenyewe, kando ya kaburi. Alizishika zile nywele, akazitenganisha kwa vidole, akaona nyeupe ndani yake.

"Hata mvi umeshaanza," alisema polepole. "Ni mawazo. Mimi ndiye niliyekupa mawazo, mwanangu. Nisamehe."

Akazifukia. Akamwambia babu kwa Kichagga kwamba mjukuu wake amekuja, amechelewa lakini amekuja, na kwamba kosa lilikuwa la mama, si la mtoto. Mimi nilisimama nyuma yake, kipara changu kikipigwa na jua, nikashindwa kusema hata amina.

Mara ya kwanza nilikataa kunyolewa kwa sababu ya sura yangu. Mara ya pili nilinyolewa kwa sababu hiyo hiyo. Mara zote mbili mama ndiye aliyekwenda kuomba msamaha. Siamini kwamba babu alizichukua nywele zangu, na siamini kwamba alidanganywa na zile za Pasua. Ninachojua ni kwamba mama sasa analala mpaka asubuhi, na nikimwambia kweli ataamka tena. Nimeamua kukesha mimi.

Jumapili bado anapiga simu. Haulizi nywele tena, anauliza kama nimekula. Namjibu nimekula, na hilo angalau ni kweli.