Nyama Tuliyoikataa

Kirimi ndiye alinishika mkono wa kulia juu ya saruji, na watu wake wakaupiga na mgongo wa shoka. Naandika jina lake kwa sababu bado ana bucha hapa Isiolo, na bado ananisalimia kama hakuna kitu. "Myahudi anatulisha mizoga!" ndiyo kelele walikuwa wanapiga. Mlangoni mwa machinjio alisimama Bwana Mutwiri, mkaguzi wa nyama, muhuri mkononi, wino haujakauka. Neno lake moja lingetosha. Hakusema.

Sasa nirudi nyuma, vijana muelewe kazi yenyewe.

Naitwa Ezra. Shule niliachia darasa la nne. Sisi ni Wayahudi, lakini msitafute wazungu: baba yangu alitoka kanisa la Sabato, akapanda mpaka Nyandarua kwa Waafrika wenzetu walioshika dini hii, akarudi na Torati na kisu. Akawa shokheti, yaani mchinjaji wa jamii yetu. Tuko nyumba chache tu hapa Kiwanjani, na bila shokheti hakuna nyama. Hata harusi mnakula maharagwe. Baba alipozeeka, kisu kikawa changu.

Siku ya kwanza machinjioni, Hajji mwenye mahali alikitazama: kirefu, hakina ncha.

"Hii umeletea mkate?" Watu wakacheka sana.

Mzee Guyo, Mborana wa Merti, ndiye alikuwa mchinjaji mkuu wa halali. Akaniomba kisu. Nikamwonyesha vile sisi hufanya: unapitisha makali juu ya ukucha, polepole, kwenda na kurudi. Ukucha ukikwama hata kidogo kuna pengo, na kisu chenye pengo hakichinji, kwa maana kitamuumiza mnyama.

"Wallahi, hii inanyoa ndevu," akasema. "Hajji, mwache kijana. Hawa ni watu wa Kitabu. Nguruwe hawali. Wewe unataka nini tena?"

Hajji akaniachia kona moja. Nilifanya kazi kwa hiyo kona mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe.

Kuchinja ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mapafu. Kabla hayajatolewa unaingiza mkono kifuani, unapapasa. Yakiwa yameshikana na ubavu, sisi mara nyingi tunasema ni trefa, hatuli. Si sumu. Pengine ng'ombe alikohoa zamani akapona, kovu likabaki. Mkaguzi anatupa pafu, anaangalia nyama, na ikiwa nzima anapiga muhuri, inakwenda kwa wengine. Ni sheria yetu, jirani haimhusu.

Guyo alizoea kunichokoza. "Ezra, leo Mungu wako amekunyima tena?"

"Amenipa maharagwe, Mzee."

Nyama tunayokataa ilikuwa inakwenda kwa Kirimi, miaka na miaka, na hakuna siku alilalamika. Kisha, karibu na Sikukuu ya Vibanda, tulileta maksai mmoja kutoka Kulamawe. Jamii yote ilikuwa inamngoja. Nikaingiza mkono: mapafu yameshikana. Mutwiri akakagua, akapiga muhuri mbele yangu. Nyama nikampa Mama Halima mwenye hoteli, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi.

Kirimi akawaka. Akatoka mpaka sokoni, akawaambia watu jambo moja tu: "Muulizeni Myahudi, hiyo nyama mbona yeye mwenyewe hali?"

Hilo swali ndilo lilinivunja mkono. Watu walijaa kabla ya saa sita, hawakungoja jibu. Mzee Guyo ndiye alinilalia juu. "Mnipige mimi kwanza! Hii mkono nafanya kazi nayo kila siku, naijua kuliko nyinyi mnajua mama zenu!" Wakaogopa kumpiga mzee. Ndiyo maana niko hai.

Mkono ulipona umepinda. Ukucha uko, lakini vidole havisikii tena, na shokheti asiyesikia makali amekwisha. Kirimi alidhani tutafunga mizigo.

Tulijenga kibanda chetu cha matawi uani, kama kila mwaka, bandeji ikiwa mkononi. Siku ya pili yake Guyo akaja na sahani kutoka kwa Mama Halima. Nyama ya yule maksai. Nikamkaribisha ndani.

"Zii," akasema. "Hii mmekataa, siwezi kuingiza kwa kibanda yenu. Nitakula hapa barabarani, kila mtu aone."

Akakaa kwa jiwe, akasema bismillahi, akala. Watu wakasimama. Akala tena, akatafuna mfupa, akauliza, "Nani ananisaidia? Ama mnangoja nife kwanza?" Mmoja akanyoosha mkono, kisha mwingine, mpaka sahani ikabaki mafuta tu.

Leo hotelini kwa Mama Halima wateja wanaitisha: "Ile ya Mayahudi iko?" Wanasema imeangaliwa mara mbili. Kisu kiko na mkwe wangu Nahum. Nilimfundisha mimi, kwa mkono wa kushoto na mdomo. Nyumba zetu zimeongezeka, sinagogi yetu ina mabati mapya, na harusi ya mwisho tulikula maksai mzima, wanawake wakitia nyama chumvi tangu asubuhi na kuimba. Nimestaafu nikiwa sijashindwa. Kirimi apite aone.

Kirimi sina swali naye, alitaka nyama. Wale watu walikuwa wamedanganywa. Lakini wewe, Bwana Mutwiri, hukudanganywa na hukutaka kitu. Wewe mwenyewe uliingiza kisu kwa lile pafu, ukasema ni kovu, ukapiga muhuri. Nawe umestaafu, nakuona ukienda kunywa chai. Njoo nyumbani kwangu mbele ya Mzee Guyo na majirani, uutazame huu mkono, utujibu: kwa nini ulinyamaza?