Jamila Aulizwa Habari za Esansi

Tangu nchi jirani ziifungie Burundi mipaka, Jamila hakuwa na usingizi wa maana. Mumewe, Abdallah, alikuwa dereva wa ambulansi ya kliniki moja ya Buyenzi, mjini Bujumbura, na esansi, yaani petroli, ilikuwa imekauka vituoni. Februari 1997 kliniki ikamtuma na wenzake wawili barabara ya Rumonge wakatafute bidoni chache za esansi ya magendo, ili gari liweze kubeba wajawazito. Kwenye barabara hiyo watu walikuwa wakiviziwa na kuuawa. Siku ya tatu ikaingia hajarudi. Kila Jamila alipopiga simu kutoka duka la simu karibu na Porte de Namur, mjini Brussels, shemeji yake alimjibu neno moja tu: "Bado."

Mjini humo alikuwa na mwaka mmoja. Ombi lake la ukimbizi lilikuwa halijajibiwa, na kazi ya kuandaa kahawa kwenye ukumbi wa mikutano aliipata kwa karatasi za binamu yake, Aïcha. Kazini wote walimwita Aïcha. Akiona sare ya polisi mbele, alibadili njia.

Alhamisi hiyo mgeni wa ukumbi alikuwa seneta wa Kimarekani. Jamila alipanga vikombe nyuma huku sauti ya mkalimani ikitoka spikani kwa Kifaransa. Seneta alisema kwanza ni kuzungumza. Mazungumzo yakikwama, ni vikwazo, maana vikwazo haviui kama risasi. "Serikali yoyote inaendeshwa kwa mafuta," alisema. "Funga bomba, majenerali watakuja mezani wenyewe." Akataja Iraki, akataja Libya, mwishoni akaitaja Burundi kuwa mfano mzuri. Watu wakapiga makofi.

Kikombe kikamponyoka Jamila. Euphrasie, mama wa Bukavu aliyefanya naye kazi, akamshika mkono.

"Mudogo wangu, tuliza roho," akamnong'oneza. "Bale ni bakubwa. Weye hauna makaratasi. Donc, mimina kahawa, nyamaza."

Wakati wa mapumziko seneta akaja mwenyewe na kikombe chake. Alikuwa mzee mpole, Kifaransa chake cha kuungaunga. Akamuuliza anatoka wapi. Jamila angeweza kutaja nchi nyingine. Nyuma ya seneta alisimama Donatien, msimamizi wao, akitazama.

"Bujumbura," akasema.

"Basi niambie. Vikwazo vinafanya kazi?"

"Askari esansi wanayo, monsieur," Jamila alijibu. "Malori yao yanapita kila siku. Isiyo nayo ni kliniki. Mume wangu anaendesha ambulansi. Amekwenda kuitafuta, leo siku ya tatu. Mimi siasa siijui. Ninamjua anayekaa foleni."

Seneta hakubisha. "Tusipofunga mafuta," aliuliza polepole, "tutawabana kwa nini kingine?"

Aliuliza kweli. Mzee akatoa kijidaftari. "Jina lako nani, mama?"

Euphrasie akakohoa. Akilini Jamila aliwaona polisi, akaiona ndege ya kumrudisha. Lakini kama habari ya Abdallah itaandikwa, aliwaza, iandikwe kwa jina la mkewe.

"Jamila," akasema. "Jamila binti Radjabu."

Mchana kutwa alifuta meza, jicho mlangoni. Kazi ilipokwisha Donatien akamwita pembeni.

"Madame, nimesikia majina mawili kwa mtu mmoja. Bon, sitamwita mtu yeyote. Lakini usirudi hapa."

Jumapili shemeji akajibu neno lingine: "Amefika." Ambulansi ilikuwa imechomwa moto, na wenzake wawili hawakuonekana tena. Abdallah alikuwa ametembea usiku na kujificha mchana. Alipopewa simu hakuweza kusema. Jamila alisikia pumzi zake tu, akalia.

Mwezi uliofuata Euphrasie alimletea gazeti nyumbani, mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe. Seneta alikuwa amesema kwingine kwamba vikwazo vibaki, ila mafuta ya hospitali yaruhusiwe kupita. Hakusema nani alimwambia. Jamila hakujua afurahi au aogope. Tangu siku ile, kila aliposikia hatua kwenye ngazi alidhani ni polisi.

Bahasha ya serikali, yenye jibu la ombi lake la ukimbizi, ilifika Septemba. Ilikaa mezani siku mbili, Jamila akiizunguka, mpaka Euphrasie akaja kuifungua.

"Banakukubali, mudogo," akasema.

Jamila akamwomba asome tena, polepole.