Kichwa Nilichora Mimi, Jina Akaandika Asina

Nilikosa. Nasema hivyo mwanzoni, kusudi usinihurumie mbele ya kunisikia. Miaka yote hii watu wa Kindu, mji wetu huku Kongo, wananiita mwalimu wa kuchora, na mimi naitika.

Asina alikuwa rafiki yangu, tulikaa parseli moja, kiwanja kimoja. Papa yake alikuwa anachora mapulani kwa shemendefere, kampuni ya treni. Wakati wa vita mji ulifungwa. Treni haikuja tena, na mwenye kwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi. Tulikaa tu ndani ya nyumba, tunakula majani ya muhogo, sombe asubuhi, sombe mangaribi. Papa yake njo alitoa chupa yake ya wino na kalamu ya kuchovya, akaanza kutufundisha ili tusipate wazimu.

Alitufundisha kwa muchezo. Mmoja anachora kichwa, anakunja karatasi, anaacha mistari miwili tu ya shingo inaonekana. Mwenzake anaunga pale, anachora tumbo na miguu bila kuona kichwa. Kivuli tulikipata kwa mistari midogo yenye kukatana, ngozi ya muzee kwa vidoti.

"Wino haifutwe," Papa alikuwa anasema. "Mustari ukipotea njia, mwenzako atautafutia kazi."

Na mwenye kumaliza njo alikuwa anaandika jina lake chini, mbele ya kukunjua.

Mimi nilipenda vichwa. Siku moja nikachora mukubwa wa masoda, wale askari waliofunga njia kwenye bariere yetu: kovu yake ya shavuni, kofia yake, nikamtia na ndevu za mbuzi. Kalamu ilinitii siku ile kuliko siku zote. Nikakunja, nikampa Asina, sikumwambia kitu. Nilitaka tucheke wakati wa kukunjua.

Akachora tumbo, akachora miguu, akaandika jina lake. Hatujakunjua bado, masoda wakaingia kupekua nyumba. Mmoja akafungua karatasi.

"Asina njo nani?"

Asina alikiona kile kichwa mara ya kwanza pale. Akaniangalia. Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na ulimi. Nikaangalia chini.

"Njo mimi," akasema.

Wakamwekesha mukono kwenye kizingiti, wakaupiga na kitako cha bunduki. Mukono wa kuume. Mama yangu! Ile sauti mpaka leo iko ndani ya masikio yangu.

Papa alifunga chupa ya wino, hakuifungua tena. "Ulitaka watuue wote," alimwambia binti yake. Muzee alikufa anaamini mutoto wake njo alitaka kumwaga damu ya nyumba yake kwa sababu ya muchezo.

Ningeweza kusema siku yoyote. Lakini nilifikiri, nikisema leo wataniuliza kwa nini sikusema jana. Kesho yake vilevile. Njo namna muntu anajifungia mulango mwenyewe. Vita iliisha, treni ikarudi, mimi nikabaki mule mule.

Mwaka huu binti wa Asina ameanza kuja kwangu kujifunza kuchora. Majuto ni mujukuu, wanasema. Yangu imekuja na yunifomu ya shule. Siku moja akaniletea karatasi iliyokunjwa. Tumbo na miguu zimekwisha kuchorwa, mistari inatetemeka, kazi ya mukono wa kushoto. Juu imebaki mistari miwili ya shingo.

"Mama anasema kichwa ni yako," akaniambia. "Anasema wewe njo ulikuwa unachora vichwa."

Wiki tatu karatasi ile ilikaa ndani ya begi yangu. Nilikuwa nachovya kalamu, wino inakaukia pale. Jana nikachora. Ni uso wangu mwenyewe, macho yanaangalia chini.

Wewe unayesoma, kama iko muntu amebeba kosa lako, usingoje siku nzuri ya kusema. Mimi niliingoja. Asina naweza kumwomba musamaha kesho, nyumba yake haiko mbali. Papa yake nitamwambia wapi?

Hapa sitaji jina langu. Kwenye karatasi ile nimeliandika, kwa wino.